Kiinua Mgongo

Miaka thelathini na mmoja nilihesabu mataruma ya reli,
boliti, makopo ya grisi,
nikatia saini kwa wino wa serikali.
Siku ya mwisho wakanipa hundi na saa ya ukutani.
Kiinua mgongo, wakasema.
Mgongo ukainuka. Nikatazama juu,
nikayaona mabati yangu, kunguru wanatembea juu yake kama wapangaji,
nikasema: kwanza dari.

Nyumba yetu, Ngamiani, barabara ya kumi na mbili,
ilikuwa kuukuu, milango inalia,
na juu ya kila dirisha matundu ya maua ya saruji
aliyoyamimina marehemu baba kwa kalibu ya mti.
Mwantumu akasema humo laingia vumbi, na mbu, na moshi wa watu.
Fundi Semkiwa akapima kwa jicho, akacheka:
"Mzee, haya mambo ya zamani. Tuyazibe."
Tukayaziba.

Jipsamu juu, ngazi ngazi, na taa za buluu.
Madirisha ya alumini, kioo cheusi, ukifunga yanasema *tii*.
Makabati ya vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi.
Vanishi mara tatu. Rangi ya mafuta
inayong'aa hata ukajiona unavyozeeka.
Majirani wakaja kunusa.
"Harufu ya upya!" wakavuta pumzi ndefu
kama waliofukiziwa udi.
Nami nikavuta. Tamu, kali, kama duka la viatu.
Kumbe mgeni huyo hakuja kuaga.

Wiki ya pili Mwantumu anaamka na kichwa
kama kimefungwa kanga mbichi ikakazwa.
Macho yanamwasha. Asema ni miwani.
Mjukuu wetu Kibwana akaanza kupiga filimbi kifuani,
filimbi nyembamba, za usiku,
nami niliyezoea za treni nikalala nahesabu:
hii inaingia stesheni, hii inatoka,
hii, mbona haitoki?

Yalisemwa mengi. Shemeji akasema kijicho,
nyumba imeonwa na watu.
Mwingine akasema kinyongo cha fundi aliyepunjwa.
(Kweli nilimpunja Semkiwa elfu arobaini.
Nikamlipa. Filimbi ikaendelea.)

Bombo, daktari ni binti mdogo, ana kigugumizi.
Akasikiliza mgongo wa mtoto, kimya,
hakuuliza amekula nini.
"Nyumbani mme-mmebadilisha nini?"
Nikajibu kwa fahari, kimoja kimoja,
kama nasoma daftari la stoo.
Kila nilichotaja akaandika,
na kila alipoandika sauti yangu ikashuka.
"Na hewa," akasema, "i-inapita wapi?"

Misumari niliihesabu. Mchanga niliupima kwa toroli.
Hewa sikuiandikia hata mstari.

Usiku ule tulilala barazani, mikeka mitatu,
wapita njia wakidhani tumefiwa.
Alfajiri nikashika nyundo na tindo.
Mwantumu akasimama mlangoni: "Rangi yangu!"
Akakohoa katikati ya neno,
akanipisha.

Tundu la kwanza lilinila saa nzima.
Saruji ya Pongwe haina mchezo, na mkono si ule.
Nyuma yake ua la baba lilikuwa zima,
utando wa buibui na mwanga kidogo.

Sijamaliza. Matundu kumi na manne bado.
Makabati yako uani, yananuka juani peke yake.
Deni la jipsamu linakohoa mfukoni.
Kibwana bado ana filimbi, ila si kila usiku.

Jana, saa nne, nimelala macho wazi,
kiupepo kikapenya palepale,
kikaniletea samaki wa kukaanga na sauti ya jirani
akimwambia mkewe: yule mzee pesa zimemchanganya,
kajenga, sasa anabomoa.

Nikasikia kila neno.
Nikavuta pumzi.